Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: tupeni muda kabla hamjagusa njia ya pesa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha.
Nakala: Wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Bajeti, Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania.

Mheshimiwa, salaam na pole kwa majukumu.

Mimi ni wakala wa fedha za simu. Kibanda changu kiko nje ya stendi ya Msamvu, Morogoro, katikati ya muuza chipsi na fundi simu. Nina laini za uwakala za mitandao yote mikubwa, nina floti, yaani pesa ya mtaji iliyo kwenye simu ya uwakala, inayotosha siku za kawaida na isiyotosha mwisho wa mwezi, na nina daftari. Sikuandikii kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Kodi nalipa, kamisheni yangu hukatwa kodi ya zuio kabla haijanifikia, kwa hiyo hata ningetaka kukwepa sina pa kukwepea.

Ninachotaka tuongee ni haraka. Kila mwaka katikati ya Juni Waziri wa Fedha anasimama Dodoma kusoma bajeti, na ikifika Julai mosi aliyoyasema yameshakuwa sheria inayokata pesa za watu. Hapo katikati ni wiki mbili na kidogo. Ndani ya wiki mbili mwenye duka hajamaliza hata kuuza mzigo alioununua kwa hesabu za zamani. Mwenye kampuni changa aliyepiga bei zake za mwaka mzima ndiyo kabisa, anaamka na biashara nyingine asiyoifahamu.

Tuchukue tozo ya miamala ya 2021, ambayo najua wengi hapo wizarani mngependa isitajwe tena. Sheria ya Fedha ya mwaka ule iliigusa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ikaweka tozo ya kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa kila muamala, kulingana na kiasi. Unapotuma unakatwa. Aliyetumiwa akienda kutoa anakatwa naye. Pesa ni ileile moja, na ada ya kampuni ya simu iko palepale juu yake. Makato yakaanza tarehe 15 Julai.

Siku zile nilikuwa mtu mbaya pale Msamvu. Mteja anatoa, anasoma meseji, anairudia tena, halafu ananigeuzia simu niione: "Hii nyingine ni ya nini?" Unamwambia ni ya serikali. Anakuangalia tu. Anachokijua yeye ni kwamba pesa imepungua mikononi mwako. Wapo waliohamia kwa wakala wa upande wa pili wa barabara, na baada ya muda wakarudi, maana hata kule walikatwa vilevile.

Lakini lawama hazikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kitu ambacho nadhani hakikuwa kwenye hesabu za wizara, nacho ni jinsi kibanda kinavyoendeshwa. Wakala anaishi kwa watu wawili: anayekuja kuweka na anayekuja kutoa. Noti za anayeweka ndizo ninazompa anayetoa, na floti inayotoka kwa mmoja inarudi kwa mwingine. Hao wawili wakija kwa uwiano, naweza kufanya kazi kutwa nzima bila kusogea kwenye kiti. Tozo ilipoingia, wa kuweka wakapotea. Wakabaki wa kutoa tu, tena wanatoa yote kwa mpigo ili wasikatwe mara nyingi. Ikifika saa nne asubuhi sina noti hata moja, nina floti imejaa kwenye simu ambayo haimsaidii mtu. Nafunga, napanda bodaboda kwenda benki, napanga foleni, narudi mchana. Kibanda kilichofungwa hakina kamisheni, na muuza chipsi anayetegemea watu wanaosimama kwangu naye anakaanga viazi vya kujitazama.

Kuna mama mmoja anashusha mboga kutoka Mgeta. Kabichi zake na karoti zinakwenda Dar kwa mnunuzi ambaye alikuwa akimlipa kwa simu jioni ileile, na yeye anatoa kwangu, analipa wabebaji na nauli ya fuso. Wiki ya pili ya tozo akaniambia wamekubaliana na mnunuzi wake kwamba pesa iwe inakuja kwa bahasha, kwa kondakta wa basi. Kondakta naye anachukua chake, lakini hakati mara mbili. Bahasha za stendi nilikuwa nimezisahau, ni mambo ya miaka ile kabla ya simu. Pesa ya bahasha haina kumbukumbu. Ikipotea hakuna pa kupiga simu. Benki haiwezi kuiona ili impe mkopo, na wewe Mheshimiwa huwezi kuiona ili uitoze. Miaka kumi na zaidi ya kuwatoa watu kwenye noti, na mwezi mmoja tu ukatosha kuanza kuwarudisha.

Yaliyofuata unayajua. Kabla Julai haijaisha Rais aliagiza suala lile liangaliwe upya. Septemba 2021 viwango vikashushwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikapunguzwa tena mpaka 4,000, lakini safari hii tozo ikaingia na kwenye benki, watu wakapiga kelele kuliko mara ya kwanza. Oktoba mosi 2022 baadhi ya tozo za benki zikaondolewa. Bajeti ya Juni 2023 ikafuta tozo ya kutuma, na bajeti hiyohiyo ikaongeza shilingi 100 kwa lita ya mafuta na shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Yaani ndani ya miaka miwili sheria moja imebadilishwa mara nne. Ukutani kwangu bango la makato lilikuwa limebandikwa juu ya bango, juu ya bango. Vodacom, ambayo hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, iliwaeleza wanahisa wake kwamba tozo ile iliwapunguzia mapato ya M-Pesa. Kampuni kubwa ina wanasheria na wahasibu wa kupambana na mabadiliko ya namna hiyo. Mimi nina daftari.

Tena jambo lenyewe halikuwa geni kwetu. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Kelele zilikuwa zilezile, Rais Kikwete akaagiza wahusika wakae wazungumze, kodi ikafutwa. Uganda nao, Julai 2018, waliweka asilimia 1 kwa kuweka, kutuma na kutoa. Kabla mwaka haujaisha wakaishusha mpaka asilimia 0.5 na kuibakiza kwenye kutoa peke yake. Waganda walitufanyia jaribio la bure, miaka mitatu kabla yetu, hapo jirani. Na hata baada ya sisi kuungua, Ghana wakaanza ya kwao Mei 2022 kwa asilimia 1.5, wakaishusha mpaka 1, na 2025 wakaifuta kabisa. Nashindwa kuamini kwamba wizara tatu za fedha, zenye wachumi waliosoma, hazikuona kitu ambacho muuza vocha anakiona. Nadhani kilionekana. Ila kwenye wiki mbili hakuna aliyepata nafasi ya kukisema akasikilizwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba serikali hii inajua kufanya vizuri. Ilishafanya, tena kwenye sekta hiihii.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 hakukuwa na sheria ya fedha za simu. Benki Kuu ingeweza kukataa, na kwa kusoma sheria za benki zilivyokuwa wakati ule, ingekuwa na sababu. Haikukataa. Kampuni za simu ziliambiwa zishirikiane na benki, zikapewa barua za kutokuwa na pingamizi, na sharti moja likakaziwa: kila shilingi iliyo kwenye simu ya mteja lazima iwe na shilingi yake halisi benki, kwenye akaunti ya dhamana ambayo kampuni haiwezi kuichezea. Basi. Mengine wakaachiwa wajaribu huku Benki Kuu ikiangalia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilikuja 2015, miaka saba baadaye, na kwa sababu hiyo iliandikwa na watu walioshaona biashara yenyewe inavyokwenda, pesa inavujia wapi na mteja anaumizwa na nini.

Angalia kilichotokea ndani ya miaka hiyo saba. Mwanzoni ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alikuwa anapata namba ya siri ya kwenda kutolea, pesa haikai kwenye simu yake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana pesa ivuke moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom wakaingia 2016. Afrika nzima wachache walikuwa wamefika hapo. Mwaka huohuo wa 2014 Tigo Pesa ikaanza kuwagawia wateja faida inayotokana na pesa zilizolala kwenye ile akaunti ya dhamana. Nakumbuka watu wakija kuniuliza kama ni utapeli. Arusha vijana walianzisha biashara ya kumfungia mwanakijiji taa za sola kwa mkopo, analipa kidogo kidogo kwa simu, asipolipa taa zinazimika zenyewe. Hakuna ofisa wa mipango aliyeyapanga hayo. Benki Kuu ililinda pesa ya mteja, ikaacha wazi nafasi ya mtu kubuni, watu wakabuni.

Na serikali yenyewe ilifaidika kuliko wote. Leo faini ya barabarani, ada ya ardhi, leseni, vyote vinalipwa kwa kontro namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, na mlipaji wa Msamvu analipia kwangu. Umeme wa LUKU hivyohivyo. Ofisa hagusi noti, kwa hiyo hana cha kutia mfukoni. Barabara hii mnaipita ninyi wenyewe kila siku mkikusanya mapato.

Kwa hiyo tozo kwenye kutuma na kutoa, hata pale ambapo malipo ya bidhaa na ya serikali hayakuguswa, iliharibu chanzo. Mtu asipoweka pesa kwenye simu, hiyo pesa hailipi taa ya sola, hailipi kontro namba, haimpi historia ya kukopea. Kodi ya faida humfuata aliyepata. Kodi ya ada humfuata aliyetoa huduma. Tozo ya muamala inamkata baba anayemtumia mwanawe nauli ya kurudi shule, mahali ambapo hakuna faida yoyote iliyopatikana na mtu yeyote.

Najua utasema nini, na ni kweli. Tozo ile ilijenga vituo vya afya kwenye tarafa ambazo hazikuwa navyo, na madarasa. Mtu anayejifungulia kwenye kituo kile haulizi pesa ilitoka kwenye muamala au kwenye saruji. Nchi inahitaji mapato yake yenyewe, na misaada ya watu tumeshaona inavyoweza kukatika. Sibishi. Ninachosema ni kwamba mngekaa miezi sita na wakala, na kampuni, na Benki Kuu, mkaweka hesabu mezani, vituo vile vingejengwa bila mama wa Mgeta kurudi kwenye bahasha. Shilingi mia ya mafuta mimi siipendi, inaingia kwenye nauli na kwenye nyanya. Lakini angalau inajulikana, haimfanyi mtu aache kutumia petroli arudi kwenye punda, na hakuna aliyekuja kibandani kwangu kunitukana kwa ajili yake.

Na mambo ya haraka hayakuwa kwenye simu tu. Julai 2016 iliwekwa VAT kwenye huduma za mizigo inayopita bandarini kwetu kwenda nchi jirani. Wenye mizigo wa Zambia na Kongo hawakuandamana, walianza tu kuangalia Beira na bandari nyingine. Mwaka uliofuata VAT ile ikaondolewa. Mteja wa namna hiyo ukimpoteza, kumrudisha si kazi ya kufuta mstari kwenye sheria.

Sasa niseme na lililo jema. Bajeti ya 2025/26 ilitangaza kwamba mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia za kielektroniki atozwe VAT ya asilimia 16 badala ya 18. Nilifurahi. Huko ndiko kwenye akili: anayelipa kwa njia inayoonekana apate unafuu. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mwaka 2021 serikali ilimkata mtu kwa kutotumia noti. Mwaka 2025 inamzawadia kwa kutotumia noti. Ataamini ipi? Ndiyo maana ukiingia kwenye maduka mengi utaona lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu, imebandikwa ukutani, na ukitaka kulipa unaambiwa kwa sauti ya chini: "Nitumie kwenye namba ya kawaida, na ya kutolea." Lipa namba ipo kwa ajili ya mkaguzi. Mwenye duka hakwepi kodi ya leo tu, anaogopa ya Juni ijayo, kwamba mauzo yake yote yakishaonekana, siku moja patatokea jambo jipya litakaloyakamata na hatakuwa na pa kujificha. Mwaka 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar, walifunga maduka mwezi Mei kulalamikia kodi, na bajeti ya Juni ikapandisha kiwango cha kusajiliwa VAT kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka mpaka milioni 200. Jambo zuri. Lakini somo ambalo wafanyabiashara wengi walilipata pale, Mheshimiwa, ni kwamba serikali husikia ukifunga duka. Sidhani kama ndilo somo mlilotaka kufundisha.

Kila mwaka wizara inaita maoni ya maboresho ya kodi, na wenye vyama vyao wanapeleka. Shida ni kwamba tunatoa maoni gizani. Tunasema yetu, halafu Juni linatokea jambo ambalo halikuwahi kutajwa popote. Ninachoomba ni rasimu. Mabadiliko ya kodi na tozo mnayoyafikiria yawekwe wazi kufikia Februari, kwa Kiswahili, na viwango vyake, ili mtu aone ni nini hasa anachokitolea maoni. Yatakayobadilika baada ya hapo tutaelewa. Bajeti ni bajeti.

Kwa lolote linalogusa njia yenyewe ya pesa, yaani kuweka, kutuma, kutoa na kulipa, naomba sheria iseme kwamba haliwezi kuanza kukatwa kabla ya miezi sita kupita tangu lipitishwe, na kwamba Benki Kuu itoe kwanza maoni yake hadharani. Benki Kuu ndiyo inayoona miamala yote. Ndiyo iliyolea mfumo huu. Ni ajabu kwamba aliyelea ndiye sauti yake haikusikika siku ya kuukata.

Na kuna deni moja la nyuma. Wananchi tulielezwa tozo ilikusanya kiasi gani na ikajenga nini. Hatujawahi kuwekewa mezani upande wa pili wa hesabu: miamala mingapi iliacha kufanyika, ushuru wa bidhaa kwenye ada za kampuni ulipungua kwa kiasi gani, mawakala wangapi walirudisha laini. Bila huo upande wa pili, waziri mwingine miaka kumi ijayo atakuta kwenye faili kwamba jambo hili liliwahi kuingiza mabilioni, na atalifufua kwa moyo mweupe kabisa.

Hesabu hizo nyingine ziko kwetu. Mitandao ina za kwake, lakini wa kuweka na wa kutoa, na siku nilizofunga kwenda benki kutafuta noti, ziko kwenye madaftari ya mawakala, na wengi hatukuyatupa. Rasimu ikitoka Februari, mawakala wa Morogoro tuko tayari kuja Dodoma nayo, kwa nauli yetu. Tupangieni siku isiyokuwa mwisho wa mwezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakala, stendi ya Msamvu, Morogoro